Maadili ya mawakili: maswali tunayoulizwa kila wiki

Ofisi yetu iko Mombasa, si mbali na mahakama, na ngazi zake ni za mbao. Mtu akipanda tunamsikia kabla hajabisha hodi. Wengi huja kwa sababu ya shamba, talaka au ajali ya barabarani, lakini wakishakaa kidogo mazungumzo yanageuka: "Wakili wangu wa kwanza alinifanyia hivi na hivi. Ni haki?" Mawakili chipukizi nao huja na yao, tena hao hufunga mlango kwanza.

Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi. Majibu yanafuata sheria za Kenya, hasa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na mwongozo wa maadili wa Chama cha Mawakili (LSK) wa mwaka 2016. Ni maelezo ya jumla tu. Kesi yako ina karatasi zake, na bila kuzisoma hakuna wakili atakayekupa jibu la kutegemewa.

Nitajuaje kuwa huyu ni wakili kweli?

Mwulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili, kisha litafute kwenye tovuti ya LSK. Utaona kama yumo na kama cheti chake cha mwaka huu kimetolewa. Cheti cha uwakili hulipiwa kila mwaka na muda wake huisha Desemba 31, kwa hiyo kile kilichotundikwa ukutani tangu 2019 hakikwambii lolote kuhusu leo.

Oktoba 2023 habari za kijana aliyedaiwa kujifanya wakili Kenya zilizunguka dunia nzima, na watu wakacheka. Sisi wa huku chini tunakutana na wa aina nyingine, yule anayesimama nje ya ofisi ya ardhi na mkoba, kalamu tatu mfukoni, akijiita "wakili" huku akiomba elfu mbili za kuandika mkataba. Kumwuliza mtu jina lake na kulitafuta kwenye simu mbele yake si utovu wa adabu. Wakili halali atakutajia na herufi zake.

Nimegundua wakili aliyeandika mkataba wangu hakuwa na cheti mwaka ule. Mkataba umekufa?

Usihangaike usiku kucha. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilisema hati haibatiliki kwa sababu tu aliyeiandaa ni wakili asiye na cheti cha mwaka huo. Kabla ya hapo wadeni kadhaa walikuwa wameuona mlango huo wa kukwepa mikopo. Wakili mwenyewe hajasalimika, kosa lake linabaki kwake. Wewe uliyeingia ofisini kwa nia njema ndiye unayelindwa.

Nilipata ajali. Nasikia bima ililipa zamani, lakini wakili ananiambia "bado kidogo". Nifanye nini?

Hili ndilo swali linalokuja na machozi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kampuni ya bima ikikubali kulipa, kwa kawaida pesa hupitia kwa wakili. Hapo kanuni za hesabu za mawakili zinataka zitiwe bila kuchelewa kwenye akaunti ya wateja, ambayo ni akaunti tofauti kabisa na ile ya ofisi. Pesa hizo si zake. Hazipaswi kulipa kodi ya ofisi, wala mshahara wa karani, wala karo ya mtoto wake. Ada yake hutoka baada ya kukuonyesha hesabu: kiasi kilichoingia, ada, gharama alizolipa kwa niaba yako kama za daktari na za korti, na kinachobaki ni chako.

Kwa hiyo mwandikie. Simu hazina ushahidi, na "tulizungumza" haitakusaidia mbele ya mtu yeyote. Barua ya mistari minne inatosha: namba ya kesi, tarehe ya ajali, swali kama malipo yamepokelewa, na ombi la hesabu kamili kwa maandishi. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Halafu iandikie kampuni ya bima yenyewe na uulize walilipa lini, kiasi gani na kwa nani. Mama mmoja kutoka Likoni alikuja na jibu la bima alilolikunja mara nane ndani ya leso. Tarehe ya malipo ilikuwa miezi kumi na minne nyuma. Alipompelekea wakili wake ile karatasi, pesa zilipatikana wiki hiyo hiyo.

Zikikosa kupatikana, jambo hilo limevuka mpaka wa adabu ya kazi. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mawakili kinafanya kuwa jinai kwa wakili aliyekabidhiwa pesa kwa kazi ya mteja kushindwa kuzilipa au kuzitolea hesabu kazi ikishakamilika.

Je, wakili anaweza kukubali suluhu bila kuniuliza?

Kimaadili hapana. Uamuzi wa kumaliza kesi kwa laki tatu au kuendelea ni wako. Yeye anakushauri tu.

Kisheria kuna mtego, na watu wengi hawaujui. Wakili wako akiandikisha makubaliano kortini, korti huchukulia kuwa ana mamlaka yako. Tangu kesi ya Flora Wasike dhidi ya Destimo Wamboko ya 1988, makubaliano ya aina hiyo huvunjwa kwa sababu zile zile zinazoweza kuvunja mkataba, kama vile ulaghai au kula njama. "Sikuambiwa" peke yake ni hoja dhaifu. Ndiyo maana nawaambia wateja waandike mapema, hata kwa ujumbe wa simu: usikubali chini ya kiasi fulani bila sahihi yangu.

Mimi ni wakili, nina ofisi ndogo. Niliazima kutoka akaunti ya wateja, nitarudisha Ijumaa. Kuna ubaya?

Ndiyo, hata ukirudisha Alhamisi.

Najua inavyotokea. Kodi ya ofisi imefika, mteja mkubwa hajalipa, na kwenye akaunti ile nyingine kuna milioni moja na nusu ya shamba ambalo halitahamishwa kabla ya miezi miwili. Hakuna atakayejua. Ijumaa inafika, lakini mteja mkubwa bado hajalipa, na mwenye shamba anapiga simu kusema wameharakisha. Hapo unachukua za mteja wa tatu kumlipa wa pili. Katika kesi za namna hii nilizoziona kwa karibu sijakutana na wakili hata mmoja aliyepanga kuiba. Wote walikuwa na Ijumaa yao.

Kama tayari umechukua, rudisha leo kwa mkopo wa benki, wa sako au wa shemeji. Kisha ondoa kadi na programu ya benki ya akaunti ile kwenye simu yako, na uweke utaratibu wa sahihi mbili.

Nilishinda kesi na hakimu akasema mshtakiwa alipe gharama. Mbona wakili bado ananidai?

Kwa sababu hizo ni gharama mbili. Zile ambazo aliyeshindwa anaamriwa kulipa zinakurudishia wewe sehemu ya ulichotumia. Ada ya wakili wako ni deni kati yako na yeye, na kwa kesi za mahakama Agizo la Ada za Mawakili huiweka juu zaidi kwa nusu ya kiwango anachopimiwa aliyeshindwa. Wakili aliyekuambia "tukishinda watalipa wao" akanyamaza hapo, amekuambia ukweli nusu.

Ukiona bili imezidi, usigombane naye sebuleni. Omba ipelekwe kwa msajili wa mahakama akaipime kifungu kwa kifungu. Naye wakili hawezi kukushtaki kwa ada kabla mwezi mmoja haujapita tangu akupe bili. Haya yanatumika pale ambapo hamkuandikiana. Mkiandikiana ada na ukatia sahihi, maandishi hayo ndiyo yanayotawala, na mimi napendelea hivyo, kwa mteja na kwa wakili.

Tulikubaliana asilimia thelathini nikishinda, nikishindwa simlipi kitu. Ni halali?

Kwa Kenya, hapana. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui makubaliano ya kumlipa wakili wa kesi pale tu atakaposhinda, wala wakili kununua sehemu ya maslahi ya mteja ndani ya kesi. Yanafanyika? Yanafanyika kila siku, hasa kwenye ajali, na maskini wengi wasingefika kortini bila hayo. Naielewa hoja hiyo na siidharau. Lakini wakili mwenye asilimia thelathini ndani ya kesi yako ni mshirika wako wa biashara, na mshirika akihitaji pesa Desemba atakushauri ukubali suluhu ya Desemba.

"Wakili, nipigie tu muhuri, mzee yuko Kwale hawezi kusafiri." Kwa nini mnakataa jambo dogo hivi?

Hati ya kiapo ni ushahidi. Inapofika kortini inasimama badala ya mtu aliyeinua mkono akaapa. Muhuri wangu na sahihi yangu vinasema: nilimwona, nikamtambua, aliapa mbele yangu, mahali hapa, tarehe hii. Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inataka mahali na tarehe viandikwe. Nikigonga muhuri na mzee yuko Kwale, basi mwongo wa kwanza kwenye ile karatasi ni mimi, kabla hata hatujafika kwa aliyoyasema yeye.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hulistaajabia. Siwezi kukuapisha katika kesi ambayo mimi ndiye wakili wako, ndiyo maana nakutuma kwa wakili wa ghorofa ya chini. Si uvivu, wala hatugawani zile shilingi mia mbili za kuapisha.

Hapa nina la kukiri. Mwaka wangu wa pili kazini nilipiga muhuri kwa mtu ambaye sikumwona. Aliyeleta karatasi alikuwa karani ninayemheshimu, wa ofisi nyingine, saa kumi na dakika arobaini, na muda wa kuwasilisha ulikuwa siku hiyo hiyo. Miezi sita baadaye mwenye kiapo alisimama kizimbani, akaonyeshwa sahihi, akasema kwa utulivu kabisa: "Hii si yangu, na huyo wakili simjui." Hakimu aliangalia muhuri, akasoma jina langu kwa sauti. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikisubiri kesi nyingine. Muhuri wangu sasa hukaa kwenye droo yenye ufunguo, na ufunguo uko na mimi, haukai kwa karani.

Kama mzee hawezi kusafiri, wakili anaweza kwenda Kwale. Nauli ya feri na matatu ni ndogo kuliko kesi kutupwa.

Muuzaji na mnunuzi wa shamba tunaweza kutumia wakili mmoja ili tupunguze gharama?

Mnaweza, ikiwa nyote mmeelezwa hatari na mmekubali kwa maandishi, na kama hakuna la kubishania. Lakini kwenye shamba huwa kuna la kubishania. Mpaka umeingia kwa jirani, au kuna mpangaji asiyetaka kuondoka, au mke wa muuzaji hakuulizwa. Mambo yakiharibika, yule wakili mmoja ana siri za wote wawili, na kwa kawaida atalazimika kujitoa kwa wote. Hapo mtalipa mawakili watatu badala ya wawili.

Hili si la nadharia. Katika kesi ya King Woollen Mills mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilishughulikia mawakili waliowahudumia wakopeshaji na mkopaji katika mkopo mmoja, kisha wakataka kusimama dhidi ya mkopaji. Ilikataa. Aliyeambiwa siri kama wakili hawezi kuzigeuza silaha.

Wakili wa adui yangu aliwahi kuwa wakili wangu miaka mingi iliyopita. Naweza kumzuia?

Si lazima ufaulu. Katika kesi ya Delphis Bank dhidi ya Channan Singh Chatthe, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilisema hakuna sheria ya jumla inayomkataza wakili kusimama dhidi ya mteja wake wa zamani. Kinachopimwa ni kama kuna madhara ya kweli yanayoweza kukupata. Ikiwa alikuandikia mkataba wa duka mwaka 2008 na leo kesi ni ya jambo jingine kabisa, utapoteza muda. Ikiwa alikuandalia hesabu za mali na leo mkeo wa zamani amemwajiri kugawa mali hiyo hiyo, lipinge siku ya kwanza, usingoje kesi ifike katikati. Ukikawia, korti itauliza kama unaumia kweli au unachelewesha.

Mteja amekiri kwangu kwamba alifanya kosa. Naruhusiwa kumtetea?

Naam. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na inampa haki ya kuwakilishwa na wakili anayemchagua. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na kazi yako ni kuuona huo mzigo ukibebwa. Unaweza kumhoji shahidi aliyemwona "kwa mwanga wa mwezi" kama mwezi ulikuwepo usiku ule. Unaweza kusema ushahidi hautoshi.

Usichoweza ni kumpandisha kizimbani aseme alikuwa Malindi ilhali amekuambia alikuwepo pale pale. Hapo umeacha kumtetea, umemtungia. Waulizaji wengi wa nje ya kazi hii huona tofauti hiyo ni ya kinafiki. Mimi nadhani ndiyo inayofanya mtu asiye na hatia apate wakili pia, maana siku ya kukamatwa wote wawili wanafanana.

Na akiniletea risiti ya kughushi?

Usiiwasilishe. Mwambie wazi kwa nini, na umpe nafasi ya kuiondoa. Akishikilia, jitoe kwenye kesi kwa ombi kortini, bila kueleza sababu kwa kina. "Tumetofautiana kuhusu maelekezo" inatosha, na mahakimu wanaielewa lugha hiyo. Gumu zaidi ni ukigundua baada ya kuiwasilisha. Wajibu wako kwa korti haukuruhusu kuiacha ifanye kazi yake, kwa hiyo mshawishi mteja aiondoe, na akikataa, usiitegemee tena kwa neno lolote kabla ya kujitoa.

Nikimwambia wakili siri, anaweza kulazimishwa kuitoa?

Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamfunga mdomo, na kifungo hicho kinaendelea hata baada ya kazi kwisha. Kifungu kinachofuata kinawafunga pia makarani, wafanyakazi na wakalimani wake. Wewe peke yako ndiwe unayeweza kumruhusu. Kuna vipenyo: siri haikingwi ukiwa unatafuta ushauri ili utekeleze jambo haramu, wala wakili akiona kosa la jinai au ulaghai ukifanyika baada ya kuajiriwa. Isitoshe, marekebisho ya sheria ya utakatishaji fedha ya 2023 yamewaingiza mawakili miongoni mwa wanaotakiwa kutoa taarifa katika baadhi ya shughuli, kama ununuzi wa mali isiyohamishika. Ndiyo maana siku hizi unaulizwa pesa za nyumba zimetoka wapi. Si udaku.

Ukweli ni kwamba siri nyingi hazitolewi kwa kulazimishwa. Zinatoka zenyewe kwenye lifti ya mahakama, kwenye matatu, au kwenye kundi la WhatsApp ambako mtu ametuma picha ya hati bila kufunika jina. Nimewahi kusikia kisa kizima cha talaka nikiwa foleni ya feri, pamoja na mtaa wanakoishi, kutoka kwa kijana mwenye tai aliyekuwa akizungumza kwa simu.

Wakili ananiambia hakimu anataka "kitu" ili uamuzi uje mzuri. Nifanyeje?

Usitoe. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, kwa hiyo utaingia kwenye mashtaka pamoja na huyo wakili.

Kisha jiulize kama hakimu anajua lolote. Mchezo wa zamani ni huu: wakili anachukua laki moja "ya hakimu" na kuiachia bahati. Ukishinda, anasema unaona kazi ya pesa ile. Ukishindwa, anakurudishia nusu na kusema upande wa pili ulitoa zaidi. Hakimu hajamwona mtu. Jina lake limeuzwa na hajui.

Kwa makarani ni tofauti kidogo. Kwa miaka mingi faili "lilipotea" mpaka mtu atoe ya chai, ndipo likaonekana chini ya meza. Kuwasilisha nyaraka kwa mtandao kumepunguza ujanja huo, japo hakujaumaliza. Faili likipotea, andika kwa msajili, taja tarehe na jina la dawati uliloliuliza, na upeleke nakala kwa ofisi ya mahakama inayopokea malalamishi ya wananchi. Itachukua muda mrefu kuliko ile ya chai. Sitakudanganya.

Ahadi ya wakili kwa wakili mwenzake ina nguvu gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Wakili akiandika kwamba atalipa salio akipokea hatimiliki, amejifunga yeye binafsi, na Kanuni ya 7 ya Agizo la 52 la kanuni za mashauri ya madai inaruhusu korti kumlazimisha. Mteja wake akikimbia, wakili analipa kutoka mfukoni. Usitoe ahadi kwa pesa ambazo hujazishika.

Wakili wangu hashiki simu. Je, hilo nalo ni kosa la maadili?

Ndiyo, na ndilo linaloanzisha ugomvi mwingi kuliko ulaghai wote. Kutopokea simu mara moja si kosa, kwa kuwa huenda yuko mbele ya jaji. Kukaa miezi bila kukueleza kesi imefika wapi ni kosa.

Kinachonitia hofu ni muda ambao sheria inatoa wa kufungua kesi. Kesi ya ajali ina miaka 3, mkataba miaka 6, ardhi miaka 12. Wakili aliyenyamaza anaweza kuwa amenyamaza kwa sababu muda umempita na anaona haya. Mwulize kwa maandishi: kesi imefunguliwa? Namba yake ni ipi? Ukipata namba unaweza kuifuatilia mwenyewe.

Kwa mawakili wanaosoma hapa: ukipitisha muda, mwambie mteja mwenyewe, wiki hiyo hiyo, na umshauri atafute wakili mwingine wa kumshauri juu yako. Ijulishe bima yako ya kikazi. Nimeona wateja wakimsamehe wakili aliyekosa. Aliyewaambia "jaji yuko likizo" kwa miaka miwili hawakumsamehe.

Nataka kubadilisha wakili, lakini ameshikilia faili langu.

Una haki ya kubadilisha wakati wowote, ingawa hukumu ikishatoka utahitaji idhini ya korti au makubaliano ya maandishi na wakili anayeondoka. Naye ana haki ya kushikilia karatasi mpaka alipwe ada halali. Njia ya kutoka ni kudai bili, ipimwe, ulipe au utoe dhamana. Wakili mpya muungwana atamwandikia wa zamani kabla ya kuingia, na mara nyingi barua hiyo peke yake hulimaliza jambo.

Naweza kujitangaza TikTok?

Kuna kanuni za matangazo za 2014 na zisome kabla hujawasha taa ya duara. Kueleza sheria ya urithi kwa dakika mbili, sawa, tena watu wanaihitaji. Kuahidi ushindi, kujilinganisha na wenzako au kuonyesha hundi ya mteja, hapana. Na kumtuma kijana akae wodi ya majeruhi na fomu za sahihi ni uwindaji wa wateja. Hilo limekatazwa hata kama kijana huyo ana huruma na amebeba maji ya chupa.

Je, programu za akili unde zinaruhusiwa kuandika hoja?

Zitumie kama unavyomtumia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani usitie sahihi usichokisoma. Mwaka 2023 mawakili New York walitozwa dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca kwa kuwasilisha kesi za zamani ambazo programu ilizitunga. Na usipakie hati za mteja mahali usipojua zinahifadhiwa wapi.

Shangazi anataka kuniachia nyumba, na mimi ndiye wakili wa kumwandikia wosia.

Mpeleke kwa wakili mwingine. Sheria ya Urithi inatilia shaka zawadi kwa shahidi wa wosia, na inataka mashahidi wengine wawili huru ndipo isimame. Hata sheria ikiridhika, binamu zako hawataridhika. Kama shangazi ni Mwislamu, kuna kanuni za urithi za dini yake pia, na huo ni mjadala mwingine.

Nilalamike wapi, na nitapata nini?

Mlango wa kwanza ni Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hulipi kitu, huhitaji wakili, na mara nyingi watajaribu kuwapatanisha. Mazito huenda kwenye Jopo la Nidhamu, na unaweza kwenda huko moja kwa moja ukiwa na hati ya kiapo. Jopo linaweza kumkaripia wakili, kumsimamisha hadi miaka 5, kumfuta kwenye orodha, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, na kuamuru ulipwe fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Kama ulichopoteza ni shamba la milioni 20, utahitaji pia kesi ya madai.

Nenda na karatasi: risiti, ujumbe wa M-Pesa, barua zenye muhuri wa kupokelewa, namba ya kesi. Panga kwa tarehe. Anayefika na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi zilizochanganyika husikilizwa pia, ila hurudishwa nyumbani kwanza akapange.

Nimemwona wakili wangu akila chakula cha mchana na wakili wa upande wa pili. Niogope?

Hapana. Mji wetu ni mdogo na hoteli zenye biriani nzuri ni chache. Tunaweza kurushiana maneno mbele ya hakimu saa tatu, na saa saba tukagombania kachumbari. Mkikutana tena mwulize kitu kimoja tu: kama kuna pendekezo lolote la suluhu lililotajwa pale mezani. Likiwepo, ilibidi akupigie kabla ya chai ya alasiri.